Kukosa Nyama Si Kukosa Kitoweo

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hivi karibuni tulikuwa tukiwasomesha watoto wa darasa la chini mlango wa adabu za kula. Tukafika katika kisa cha Umar bin Abi Salama (R.A.), mtoto wa mama yetu Ummu Salama (R.A.), aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Alikuwa mdogo, na wakati wa kula mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku ndani ya chombo. Mtume (S.A.W.) akamwelekeza mambo matatu: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale katika upande unaomwelekea. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, wala hapana mtoto wa chuo asiyeijua. Tulipokwisha kuieleza, kijana mmoja wa miaka tisa hivi akanyoosha mkono, akauliza: "Maalimu, mimi nina sahani yangu peke yangu. Sasa upande wangu ni upi?"

Wenziwe wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa hatukuwa na jibu la kumpa pale pale. Mafunzo yale hayakuja kwa mtu anayekula peke yake na sahani yake magotini. Yalikuja kwa mtoto aliyekaa na wakubwa zake wakizunguka chombo kimoja, akajifunza hapo kwamba mbele yake pana fungu lake na mbele ya mwenziwe pana fungu la mwenziwe, na kwamba mkono wake una mpaka. Nasi tunawahifadhisha watoto wetu adabu za sinia, ilhali sinia yenyewe imekwisha angikwa ukutani, haishuki ila siku ya harusi au maziko.

Kabla hatujaendelea, hapana budi tuondoe dhana moja. Hatusemi kwamba kula mbalimbali ni haramu. Katika Suratun-Nur, aya ya 61, Allah (S.W.) ameondoa ubaya kwa wanaokula pamoja na kwa wanaokula mmoja mmoja, na alichokiruhusu Allah hatuna mamlaka ya kukizuia. Tunalozungumzia ni hasara, si haramu. Mambo mengi mtu huruhusiwa kuyaacha, na akiyaacha akapungukiwa. Amepokea Abu Daud kwamba Masahaba walimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa wanakula wala hawashibi, naye akawauliza kama huenda wanakula hali ya kutengana, walipokiri, akawaelekeza wakusanyike na wataje jina la Allah ili wabarikiwe. Walioshitakia njaa ya tumbo hawakuongezewa chakula. Walirudishwa kwanza katika namna yao ya kukaa.

Wapo watakaosema kwamba sababu ya kutawanyika huku ni kazi, na masafa ya mji, na runinga, na hizi simu ambazo kila mmoja sasa ana yake mkononi. Hayo ni kweli na yamekwisha semwa sana mimbarini. Sisi twaona iko sababu nyingine isiyotajwa, nayo ni kitoweo. Tumejengeka katika fikra kwamba kitoweo ni nyama, au kuku, au samaki aliyetimia. Nyumba ikikosa hivyo, mama husema "leo hatuna kitoweo" hali ya kuwa matembele yametambaa nyuma ya nyumba, na baba huona haya kutandika jamvi na kuwaita watu. Kwa hiyo chakula hupakuliwa kimya kimya, kila mtu akapewa chake, kama jambo la kusitiriwa. Na baba mwenye chochote mfukoni hapiti nyumbani kwanza.

Haya tunayaanza kwa nafsi yetu, asije msomaji akadhani kwamba twawanyooshea wengine kidole. Tuliporejea kutoka masomoni tukaanza kusomesha hapa Tanga, posho yetu ilikuwa ndogo. Baada ya darsa ya Isha tulikuwa na mazoea ya kupitia kibandani, tukala chipsi mayai na soda, ndipo tukaenda nyumbani. Tukikaribishwa, twajibu: "Tumeshashiba, kuleni nyinyi." Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa, wali na mchicha, nayo ililala vivyo hivyo hata asubuhi. Tena tulijiona tumefanya ihsani, kwamba tumewaachia watoto kile kidogo kilichopo. Hesabu hiyo ilitupendeza sana.

Ikawa siku moja mama watoto akatuuliza, bila ya hasira hata kidogo, tunatumia kiasi gani huko kibandani. Tukakaa tukapiga hesabu. Kwa bei tunazonunulia sisi hivi sasa, sahani ya chipsi mayai na soda haipungui shilingi 3,500, na kwa siku sita za wiki ni shilingi 21,000. Fungu la mchicha ni shilingi 500, na kwa kile tulichokuwa tukikila peke yetu usiku mmoja, nyumba nzima ingepata mchicha, nazi, nyanya na ndimu, na chenji ikabaki. Hatukuwa tukiwaachia kidogo kilichopo. Sisi ndio tuliokifanya kiwe kidogo. Naye hakusema neno jingine, akaondoa kawa akatupakulia.

Ndugu msomaji, Waarabu wana neno *idamu*, nalo ni kila kinacholiwa pamoja na mkate kikaulainisha na kuufanya ushuke. Ndicho kitoweo chetu. Basi tazama Sunna imekitaja namna gani. Amepokea Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake idamu, wakamwambia hawana ila siki. Hakuhuzunika wala hakumtuma mtu kwa jirani. Aliitisha ile siki, akawa anakula na huku anaisifu kuwa ni kitoweo chema. Kituo chetu ni hapo penye kusifu. Ungeweza kula siki kwa subira ukanyamaza, nayo ikahesabiwa ni subira. Lakini mwenye nyumba anapokisifu kilichopo, aliyekileta huinua uso wake, na waliokaa huona kuwa wamekaa penye neema. Na wamepokea Bukhari na Muslim kwamba hakupata kukitia ila chakula. Akikitamani alikila, la sivyo alikiacha. Wangapi katika sisi tunaoifuga Sunna usoni, na kauli yetu ya kwanza mbele ya sahani ni "chumvi haikukolea"?

Na katika hadithi ya Anas (R.A.), nayo wameipokea Bukhari na Muslim, fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume (S.A.W.), akaletewa mkate na mchuzi wenye mung'unye na nyama iliyokaushwa. Anas alikuwapo, akamwona Mtume akizitafuta zile mung'unye pembezoni mwa chombo, na akasema kwamba tangu siku ile naye aliipenda mung'unye. Nyama ilikuwamo chomboni, na aliyekaa jirani akajifunza kupenda mboga kwa kumtazama anayempenda akila. Mama wengi hutuuliza wafanye nini watoto wao wale majani. Sisi twawauliza: baba yao wamepata kumwona akiyala?

Tutasimulia kidogo na yale tuliyoyaona kwa macho. Miaka tuliyokuwa masomoni Khartoum, chakula cha mwanafunzi kilikuwa fuul, yale maharage makubwa yanayochemshwa kwa saa nyingi katika mtungi mkubwa. Muuzaji huyateka katika bakuli, akayaponda kwa kitako cha chupa ya soda, akamimina mafuta ya ufuta, akatia kitunguu na bizari nyembamba. Ukiwa na fedha huongezewa jibini nyeupe. Wasudani hula kifungua kinywa karibu na saa nne asubuhi, na aghlabu hawakili peke yao. Bakuli moja huwekwa katikati, mikate ikazungushwa, na apitaye huitwa. Palikuwa na Mtanzania, Mkomoro, Mchadi, Mnaijeria na Msomali, na kila mmoja alikuwa na Kiarabu chake cha kuungaunga. Mwisho wa mwezi fedha zikikauka, tulinunua maji ya fuul tu, tukayavunjia mikate, tukanyunyiza mafuta na kitunguu. Wenyewe wakikiita *bushi*. Hatujui chakula kilicho duni kuliko hicho, na hatukumbuki kwamba tulipata kukila kwa huzuni. Na Ramadhani ikifika, wanaume wa mtaa walitoa mikeka na masinia barabarani kabla ya Magharibi, wakawasimamisha wasafiri ili wafuturu nao. Kila nyumba ilileta kilichopo kwake, na hapakuwa na aliyeuliza sinia ipi imetoka kwa nani.

Vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 viliutawanya mji ule, na wengi wa wale tuliokula nao hatujui walipo. Tuliyoyasikia na kuyasoma ni kwamba katika mitaa hiyo hiyo vijana walianzisha majiko ya pamoja, wakiyaita *takaya*, wakapika fuul, dengu na uji katika masufuria makubwa kwa waliokwama. Watu hao hawakujifunza kugawana siku mabomu yalipoanguka. Walikuwa wakifanya hivyo kila siku saa nne asubuhi, miaka yote. Tuwaombee faraja kwa Allah.

Turudi majumbani mwetu. Tunaposema kitoweo chepesi hatukusudii kumwongezea mama kazi. Tunakusudia vitu ambavyo hata anayeogopa jiko anaviweza, na hapa tutaeleza vitatu kwa urefu kidogo, maana mawaidha yasiyofika jikoni hayapiki kitu.

Cha kwanza ni mchicha wa nazi, ambao kila nyumba ya pwani inaujua, ila wanaume wengi wanaujua kwa kuula tu. Mafungu mawili ya mchicha, nazi moja, kitunguu kimoja na nyanya mbili yatosha watu watano. Nazi ikunwe, likamuliwe tui zito liwekwe kando. Machicha yatiwe maji tena, likamuliwe tui jepesi. Kitunguu na nyanya vichemke katika tui jepesi na chumvi kidogo hata vilainike, kisha uingie mchicha uliooshwa na kukatwa. Ukishanywea, mimina tui zito, ukoroge pole pole bila kuacha, lisikatike. Likichemka mara moja, epua. Kazi ya moto haizidi robo saa. Matembele hupikwa vivyo hivyo.

Cha pili tumekichukua Sudan, wao wakikiita *aswad*, yaani "cheusi", kwa rangi yake. Biringanya mbili hukatwa vipande, hukaangwa hata ziive kabisa, kisha huachwa zichuje mafuta. Mafuta yakiwa ghali zichomwe nzima juu ya makaa hata ganda liungue, zimenywe. Ladha yake huwa nyingine lakini haipungui. Zipondwe, zitiwe vijiko viwili vya karanga zilizokaangwa na kusagwa hata zikatoa mafuta, punje mbili za kitunguu saumu, chumvi, pilipili, na maji ya ndimu moja. Huliwa kwa mkate au chapati, na kwa ugali pia inafaa, ingawa Msudani akituona tukiila kwa ugali huenda akatukataa. Biringanya imejaa sokoni kwetu na karanga ni zetu. Tulilokosa ni kuzikutanisha tu.

Cha tatu ni kachumbari, nacho ndicho tunachowapa watoto wa chuo kama kazi ya nyumbani. Kitunguu kikatwe chembamba, kifikichwe kwa chumvi, kioshwe kwa maji mara mbili mpaka ukali utoke. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wakakitia kibichi na moto wake, kisha wakasema watoto hawapendi kachumbari. Tia nyanya, tango, pilipili kwa anayeitaka, na ndimu. Ama mbaazi za nazi, choroko na kunde, hizo zinataka kulowekwa tangu usiku na wala si haja kuzieleza. Kila mwenye bibi anaye wa kumuuliza.

Vitoweo hivi vina tabia moja ambayo nyama haina. Nyama ina hesabu ya vipande. Vikiwa vinne na watu ni saba, mtu hupata tabu kuviweka katikati, na hapo ndipo linapozaliwa jambo la minofu ya baba kuwekwa kando na watoto kuachiwa mchuzi. Mchicha hauhesabiki. Unaweka bakuli katikati ya sinia ya wali na kila mkono unafika. Na nyama ikipatikana, ikatwe ndogo ndogo iingie katika mboga, kama ile ya fundi cherehani. Amepokea Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) akipika mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani. Wapishi wa leo watasema mchuzi wenye maji hauna ladha. Na wale jirani?

Sasa tufike kwa wanaume, maana tunajua wengi wanasoma haya wakiwa wamejinyoosha barazani. Mama Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Ameipokea Bukhari. Huyu ni mtu aliyekuwa na umma mzima shingoni. Sisi tuna darsa mbili na kikao cha kahawa, na tukiambiwa tukae juu ya mbuzi tukune nazi, twaona heshima yetu imeanguka. Ramadhani hali huwa mbaya zaidi. Sinia hushuka kweli, watu hukaa pamoja kweli, lakini aliyepika aina saba za futari husikia adhana akiwa bado mbele ya moto, akafuturu kwa tende moja amesimama. Aina mbili zingetosha, naye akakaa na wenziwe. Na penye wageni au shemeji wasio maharimu, wanawake wawe na sinia yao na wanaume yao. Hilo halivunji tunalolisema.

Mwaka jana alitujia mzazi mmoja kumshitakia mwanawe wa miaka kumi na mmoja. Alisema mtoto hamsikii, haongei naye, na kila senti anayopata huishia kwenye chipsi. Alitaka tumwadhibu chuoni. Tukamuuliza mara ya mwisho kula naye chombo kimoja ni lini. Alifikiri kitambo, akasema: "Idi." Hakusema Idi ipi. Hatukumwadhibu mtoto. Tulimwomba yule bwana, siku tatu tu katika wiki, arudi baada ya Magharibi mkono mtupu, asinunue kitu njiani, akae chini na watu wake na kile kitakachokuwapo, na asikitie ila. Alirudi baada ya mwezi. Hatusemi mtoto amekuwa walii. Alituambia kwamba siku za mwanzo walikula kimya na ilikuwa nzito kwake kuliko alivyodhani, kisha usiku mmoja mtoto akaanza mwenyewe kumweleza habari ya mwalimu wake wa hesabu, na mkono wake ukavuka ukaenda upande wa baba yake. "Nikamwacha," akasema, kama anayeomba radhi kwa kutotekeleza hadithi. Tukamwambia usiku ule alifanya vyema, na kesho yake amkumbushe.

Nyumbani kwetu sinia imeshuka kutoka ukutani. Kukuna nazi ndiyo kazi yetu sasa, Jumatatu na Alhamisi tunapofunga, na siku nyingine tukiwahi. Vijana wa darasa la juu walipopata habari walicheka muda mrefu, kisha mmoja akauliza kama ni kweli kwamba mbuzi hukata vidole. Tukamwonyesha kidole. Mama watoto bado analalamika kwamba tunakuna mpaka kwenye kifuu, tui likatoka na weusi, na mchicha wetu unajulikana mtaani kwa rangi yake.

Wabillahi tawfiq.